Mayai ya Bata wa Cucu Nyaruai

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya mahindi ya Kitale, Nyaruai alikuwa ameshaanza kazi tatu na hajamaliza hata moja. Mswaki ulikuwa mdomoni, bakuli la chakula cha bata lilikuwa mkononi, na uji ulikuwa jikoni ukimwita kwa harufu ya kuungua. Akikimbilia uji, bata walimfuata hadi mlangoni wakidai chakula. Akirudi kwa bata, alikumbuka kwamba viatu vyake vya shule havijapigwa rangi. Mama yake, Rosaline, alikuwa ameshazoea. Aliipua sufuria, kisha akamtazama binti yake kwa jicho lililosema mengi.

"Nilikuwa nakuja, Mum," Nyaruai alijitetea, povu la dawa ya meno likimtoka mdomoni.

Msichana huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akili nyepesi na moyo mkubwa. Shuleni alikuwa kwenye kwaya, kwenye timu ya mpira na kwenye Klabu ya 4-K ya wakulima wadogo. Kwa muda mfupi alikuwa pia kwenye kikundi cha kufuma vitambaa, mpaka uzi ulipopotea. Usimcheke. Mtu anayependa kila kitu si mtu mbaya. Shida ni kwamba kila kitu kilipata kipande kidogo tu cha Nyaruai.

Katika boma hilohilo, kwenye nyumba ndogo iliyokuwa upande wa ghala la mahindi, aliishi babu yake mzaa baba, Mzee Ngige. Nyaruai alimwita guka. Bata wale weupe walikuwa wa nyanya yake, mke wa guka, Cucu Nyaruai, ambaye msichana huyu alirithi jina lake. Cucu alikuja nao kutoka kwa wazazi wake, zamani walipohamia Trans-Nzoia kulima, na tangu wakati huo bata walizaa bata, vizazi kwa vizazi, bila kukatika. Cucu alipofariki, guka alianza kuwajazia karai la maji mwenyewe kila siku. Alikuwa akikaa hapo kwenye kigoda akiwatazama wakioga, na watu wa boma walijua wasimsumbue.

Juma lile shule zilipofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mbwa wa kurandaranda walipenya chini ya ua alfajiri. Walipofukuzwa, hakuna bata hata mmoja aliyekuwa hai. Manyoya meupe yalitapakaa hadi barabarani.

Guka hakupiga kelele. Alizunguka ghala polepole, akainama, na aliporudi alikuwa ameshika kofia yake mbele ya kifua kwa mikono miwili. Ndani ya kofia mlikuwa na mayai saba.

"Nyaruai," alisema, "ya cucu yako imebaki hii tu."

Nyaruai alisogea karibu. Aliyatazama mayai yale makubwa, meupe yenye rangi ya maziwa, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi kitu kikubwa kinavyoweza kuingia ndani ya kofia.

Mayai yakikaa sana bila kulaliwa huharibika, na pale Kitale hapakuwa na kuku aliyekuwa tayari kulalia. Kuku wote wa Rosaline walikuwa bado wanataga. Ndipo Rosaline alipokumbuka kwao, Mabanga, karibu na mji wa Bungoma.

"Mama yangu ana kuku mmoja," alimwambia guka. "Baba, huyo ukimwekea hata mawe atalalia."

Guka aliyapanga mayai ndani ya kikapu chenye pumba za mahindi, moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Kisha akamkabidhi mjukuu wake.

"Hii kazi nimekupatia wewe, Nyaruai. Usiniletee kitu ingine kutoka Bungoma. Niletee bata tu."

"Nitaleta, guka."

Mama na binti waliondoka siku hiyohiyo. Kila gari liliporuka kwenye matuta ya Kamukuywa, Nyaruai alikikumbatia kikapu akazuia pumzi, na hakupumua vizuri mpaka walipofika kwa Kukhu Phelista.

Kukhu ndilo jina ambalo watu wa Bungoma humwita nyanya. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika mbali, na aliyejua kuku wake mmoja mmoja kwa tabia. Kuku aliyesifiwa alikuwa mwekundu, mpana, jina lake Mama Kanduyi kwa sababu alinunuliwa kando ya barabara ya Kanduyi. Alikuwa amejikunyata kwenye kona ya jiko, amevimba manyoya, amekasirika bure.

"Unamwona?" kukhu aliuliza. "Huyu anataka kulalia. Akilala, amelala. Mvua inyeshe, mbwa abweke, yeye hatoki. Anatoka mara moja tu kwa siku, anakula, anakunywa, anarudi mbio."

Kukhu alichukua chungu kikuukuu kilichovunjika mdomo, akaweka mchanga ndani na nyasi kavu juu yake. Nyaruai akapanga mayai saba ya bata. Mama Kanduyi aliyatazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akapanda. Akayasukuma chini yake kwa mdomo, yai baada ya yai, akatandaza mbawa, akatulia.

"Sasa sikia," kukhu akasema. "Mayai ya kuku inataka wiki tatu. Ya bata inataka wiki nne. Kama mtu anataka vifaranga wa kuku pia, anangoja bata wakae ndani wiki moja mbele, ndio anaongeza ya kuku. Hapo wanatoka siku moja. Lakini mimi naona tuache hiyo maneno. Guka yako alisema bata. Si ni bata?"

"Ndio, kukhu."

"Basi hii kiota ni yako. Mimi sitatia mkono. Kuku hapendi mikono mingi."

Rosaline alirudi Kitale. Jioni hiyo Nyaruai alikuwa peke yake jikoni, na macho yake yakaangukia kikapu cha mayai ya kuku kilichoning'inia ukutani. Aliinama akachungulia chini ya Mama Kanduyi. Palikuwa na nafasi. Mawazo yakaanza kumwenda mbio. Januari Klabu ya 4-K ingekuwa na maonyesho. Wengine wangeleta sukuma wiki kwenye mikebe, lakini yeye angeleta bata na kuku kwa pamoja! Kungoja wiki nzima kulimshinda. Hata hivyo, alijiambia, kuku ataangua vifaranga kwanza, atawaweka kando, kisha atamalizia bata, kama vile mtu anavyopika chai halafu ugali.

Alichukua mayai matano ya kuku, akayaingiza taratibu. Mama Kanduyi alimdonoa mkono mara moja, kisha akayapokea.

Siku zilianza kwenda. Kukhu alipouliza kama mambo yako sawa kiotani, Nyaruai alijibu kwamba yako sawa. Na kweli aliona yako sawa. Asubuhi alimwekea Mama Kanduyi maji na mahindi, kisha akatoka mbio. Bungoma ilikuwa na mambo mengi. Kulikuwa na watoto wa jirani waliocheza mpira, kulikuwa na kwaya ya kanisa iliyofanya mazoezi ya Krismasi, na kulikuwa na ngoma ya isukuti ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kujaribu.

Siku moja Levi, ndugu mdogo wa mama yake, alimwita kutoka mlango wa stoo. Levi alikuwa kijana aliyesomea ufugaji katika kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga, na sasa alikuwa na banda lake la kuku nyuma ya nyumba.

"Niaje, Kitale! Chukua yai moja ya bata uje nayo. Shika vizuri, bana."

"Kuna nini, khocha?" aliuliza Nyaruai, kwa kuwa hivyo ndivyo mjomba anavyoitwa upande wa mama yake.

"We kuja tu."

Walifunga mlango wa stoo mpaka giza likawa totoro. Levi aliwasha tochi ya simu, akaizungushia vidole vyake kama kikombe, kisha akaweka yai juu yake.

Yai likawaka. Lote likawa rangi ya machungwa, na ndani yake Nyaruai aliona mishipa myembamba myekundu imesambaa kila upande, kama mizizi ya mche ukiung'oa ardhini. Katikati ya mishipa kulikuwa na kitone cheusi. Kitone kile kilikuwa kikiruka. Kilitulia kidogo, kikaruka tena.

"Hiyo ni nini?" alinong'ona.

"Hiyo ndio yeye mwenyewe. Na hiyo inaruka hivyo ni moyo."

"Moyo? Saa hii?"

"Saa hii. Angalia, ati hakuna fundi huko ndani. Hakuna mtu anampimia, hakuna mtu anamwambia mguu iende wapi, macho ikae wapi. Anajengeka tu. Kazi yetu ni joto. Joto ikikatika, kazi inasimama."

Nyaruai aliinama karibu zaidi na yai. Mwili wake ulisisimka kuanzia shingoni. Mtu alikuwa amemkabidhi mioyo saba ndani ya kikapu cha pumba, naye alikuwa ameibeba juu ya matuta ya barabara akidhani ni mayai. Alitaka kumwambia Levi kuhusu yale mayai matano mengine. Neno lilifika ulimini likarudi. Alilipeleka yai kiotani kwa mikono miwili, akatembea kama anayetembea kanisani.

Ungetarajia kwamba tangu siku hiyo hakuondoka tena pale jikoni. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu watoto wa jirani walimwita, na mpira ulikuwa mpya.

Wiki ya tatu ilipotimia, Nyaruai aliamka akasikia sauti nyembamba kutoka jikoni. Alipiga magoti kando ya chungu. Kichwa kidogo kilikuwa kimechomoza chini ya bawa la Mama Kanduyi, bado kimelowa, kinamtazama. Baadaye kikatokea kingine, na kingine. Vifaranga wanne walitoka siku ile, wa manjano wenye madoa ya kahawia, na kila mmoja alipokauka akawa laini kiasi kwamba kidole hakikuhisi kitu. Yai la tano halikuwa na uhai, akalitupa; hata hivyo Nyaruai alicheka peke yake. Kukhu alikuwa na shughuli shambani kutwa nzima, na msichana akaona afadhali ampe habari kesho, wakati mzuri ukipatikana.

Kesho yake kukhu alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na Levi alikuwa mjini kununua chakula cha kuku. Nyaruai alikuwa akifagia uwanja alipomwona Mama Kanduyi akitoka jikoni, kifua mbele, vifaranga wanne nyuma yake. Alikuwa akiita kwa sauti ya chini, kokoko, kokoko, akichakura ardhi na kuwaonyesha wadudu.

"Rudi!" Nyaruai alisema. "Hujamaliza!"

Mama Kanduyi hakumgeukia hata kidogo. Upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Watoto wake walikuwa wametoka, walikuwa na njaa, na yeye alikuwa mama yao.

Nyaruai alitupa ufagio akakimbia jikoni. Mayai ya bata yalikuwa wazi kwenye nyasi. Aliyagusa. Yalikuwa na joto bado, lakini jiko lilikuwa limezimwa na upepo wa asubuhi ulikuwa ukiingia mlangoni. Alitoka, akamkamata Mama Kanduyi, akamrudisha kiotani kwa nguvu. Vifaranga waliobaki nje wakaanza kulia. Kuku aliposikia kilio chao alipiga mbawa, akakanyaga mayai, akaruka nje. Yai moja la bata likapasuka.

Nyaruai alivua sweta lake akayafunika yaliyobaki. Kabla hajamaliza kulikunja vizuri, alisikia mayowe ya kuku uwanjani. Alitoka akaona mwewe akipanda juu ya migomba, kitu kidogo cha manjano kikining'inia kwenye kucha zake. Vifaranga walikuwa watatu sasa, na Mama Kanduyi alikuwa amewafunika kwa mbawa, anatetemeka.

Msichana alisimama katikati ya uwanja. Akienda jikoni, mwewe atarudi. Akikaa uwanjani, mayai yatapoa. Alianza kwenda huku, akageuka, akaanza kwenda kule. Alikumbuka kile kitone cheusi kinachoruka ndani ya rangi ya machungwa, na jinsi Levi alivyosema joto ikikatika kazi inasimama. Hofu ikamshika kweli. Guka alikuwa Kitale anangoja, na bata wote wa cucu waliobaki duniani walikuwa chini ya sweta la shule.

Ndipo alipofanya jambo moja la busara siku ile. Aliwaingiza kuku na vifaranga jikoni, akafunga mlango, akakimbia bila viatu hadi kanisani. Akina mama walikuwa katikati ya wimbo. Alipita kati yao mpaka mbele.

"Kukhu, nimeharibu," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. "Niliweka mayai ya kuku pamoja na ya bata. Niliweka siku ileile. Kuku ameangua, sasa ameyaacha ya bata. Na nilikuambia mambo yako sawa, na hayakuwa sawa."

Kukhu Phelista aliinuka. Alifunga leso yake kiunoni akatoka, na mwendo wake siku hiyo ulimshinda hata Nyaruai.

Jikoni alipitisha mkono chini ya sweta, akashika yai baada ya yai, akayaweka shavuni. Nyaruai alimtazama usoni akisubiri kama mshtakiwa.

"Haijakufa yote," kukhu akasema mwishowe. "Bado iko na joto kidogo. Nilikuambia nini siku ile?"

"Uliniambia tungoje. Na kwamba guka alisema bata."

"Sasa nisikie vizuri. Kuku ni mmoja. Hawezi kutembeza watoto na kulalia mayai. Unataka nini? Vifaranga ama bata? Usiniambie vyote."

Vifaranga watatu walikuwa miguuni pake. Mmoja alikuwa akimdonoa kidole cha mguu akidhani ni punje ya mahindi. Nyaruai alikuwa ameshawapa majina. Ilimuuma sana, na hakujificha kwamba ilimuuma.

"Bata, kukhu."

"Basi. Mama Mukhwana hapo jirani ako na kuku ametoa vifaranga juzi. Tutawaingiza kwake jioni, atafikiri ni wake. Lakini wakienda, wameenda. Ni vifaranga vya Mama Mukhwana."

"Sawa."

Kukhu aliwatia vifaranga ndani ya kikapu, akawapeleka mbali wasisikike. Kisha akamrudisha Mama Kanduyi kwenye chungu, akamfunikia tenga, na juu ya tenga akaweka gunia mpaka pakawa giza. "Kuku akikaa gizani, akisikia kimya, anaweza kukumbuka mayai," alieleza. "Anaweza pia kukataa. Mtu lazima akae hapa. Asiongee, asisimame, asifanye kitu ingine. Akisikia watoto hata mara moja, tumekosa."

Nyaruai aliketi sakafuni. Ndani ya tenga Mama Kanduyi alikuwa akihangaika, akiita wanawe waliopelekwa mbali, na kila alipoita moyo wa msichana ulijikunja. Mchana Levi alirudi, na sauti yake ikasikika uwanjani akikusanya watoto wa jirani. Kulikuwa na fainali ya mpira katika Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, na Nyaruai alikuwa ameisubiri juma zima. Mtoto mmoja alichungulia mlangoni.

"Nyaruai, si unakuja? Tunaenda!"

Nyaruai alitikisa kichwa. Mtoto akaondoka. Vicheko vyao vilififia barabarani, na jikoni pakawa kimya kabisa.

Sijui kama umewahi kukaa mahali pamoja, kwa jambo moja, mpaka ukaanza kusikia vitu ambavyo huwa husikii. Nyaruai alisikia nyasi zikisogea. Alisikia kuku akipumua. Alisikia kwamba ile sauti ya kuita ilikuwa ikipungua, ikawa manung'uniko, ikawa pumzi tu. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, alisikia kitu kigumu kikigongana na kingine, taratibu sana. Aliinua ncha ya gunia akachungulia. Mama Kanduyi alikuwa akigeuza mayai kwa mdomo. Aliyageuza yote, akajitikisa, akashuka juu yake polepole mpaka hakuna hata moja lililoonekana.

Nyaruai alifunika mdomo asije akapiga kelele. Kiumbe huyu alikuwa amepoteza watoto wake siku hiyohiyo, na bado alikuwa ameamua kuanza tena. Hakujua kama angeweza yeye.

Siku iliyofuata aliomba simu ya kukhu akampigia guka. Alimweleza yote bila kuficha kitu. 

"Imebaki ngapi?" guka aliuliza.

"Ni sita, guka. Lakini hatujui kama zote ziko hai."

"Kaa nayo."

"Ninakaa, guka."

Wiki ile ya mwisho Nyaruai hakuwa mchezaji wala mwimbaji wala mpiga ngoma. Alikuwa mlinzi wa chungu. Kukhu alimfundisha kunyunyizia mayai maji ya uvuguvugu kila kuku alipotoka kula, kwa sababu bata ni mtoto wa maji na ganda lake likikauka sana hushindwa kulivunja. Levi aliyapima tena kwa tochi. Mawili yalikuwa meusi na hayakusogea hata yalipogeuzwa. Nyaruai aliyazika nyuma ya jiko, akarudi kwa yale manne.

Kisha asubuhi moja kukhu alimwita akampa yai. "Weka sikioni."

Aliweka. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu kutoka ndani ya ganda, ambalo halikuwa na tundu wala ufa, ilisikika sauti. Ilikuwa ndogo, ya mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nyaruai alisahau kufumba mdomo.

"Kukhu, anaongea! Hajazaliwa na anaongea!"

"Anamwambia mama yake anakuja," kukhu alijibu, na macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa alikuwa ameona jambo hilo maisha yake yote.

Bata hawana haraka. Ufa ulitokea siku ile, na walichukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata kutoka, wakipiga, wakipumzika, wakipiga tena. Nyaruai alitaka kuwasaidia kuvunja ganda lakini kukhu alimkataza. Wote wanne walitoka, wa manjano, midomo mipana, miguu mikubwa kupita wao wenyewe.

Guka alifika kutoka Kitale siku mbili baadaye, amevaa koti lake la kanisani. Alisalimiana na Kukhu Phelista kwa heshima ya wakwe, akakataa kukaa, akaulizia bata. Nyaruai alileta karai la maji. Wale wanne walilifikia wakijikwaa, wakaingia, na wakaogelea. Walipiga miguu, wakazamisha vichwa, wakatikisa mikia. Mama Kanduyi alizunguka karai akipiga kelele, maana hajawahi kuona watoto wakijitupa majini namna hiyo.

"Nani amewafundisha?" Nyaruai aliuliza, ingawa alijua jibu.

Guka alikuwa amevua kofia. Alichuchumaa kwa taabu, akaingiza kidole majini, na bata mmoja akakidonoa.

"Walikuwa saba, guka," Nyaruai alisema. "Watatu walikufa kwa sababu yangu. Na wale wa kuku, mmoja aliliwa na mwewe. Nilitaka vyote."

"Najua. Uliniambia mwenyewe, na ndiyo maana nimekuja kwa amani." Guka alimtazama vizuri. "Kaa hapa. Unajua cucu yako alikuwa kama wewe? Alipenda kila kitu. Shamba, bata, kwaya, kushona, watoto ya watu. Watu walikuwa wanashangaa, huyu mama anatoa wapi mikono ya kufanya hiyo yote? Hawakuwa wanaangalia vizuri. Mimi nilikuwa naangalia. Akiwa shamba, alikuwa shamba. Akiwa kwa bata, hata ungemwita kwa chakula hakusikia. Alikuwa anamaliza moja, anafunga, ndio anafungua ingine. Sikwambii uache kupenda vitu mingi, Nyaruai. Nakwambia kila kitu unapenda, siku yake ikifika, ipatie wewe wote."

Nyaruai aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimwingia, kwa sababu alikuwa ameshayaona kwa macho yake pale jikoni.

Wakati huo Levi alitokea nyuma ya nyumba na sanduku la mbao, anatabasamu kwa fahari.

"Kitale! Umefanya kazi, bana. Hii ni zawadi yako." Akafungua. Ndani mlikuwa na sungura wawili weupe, dume na jike, masikio yao yamesimama. "Upeleke kwa hiyo maonyesho yenu ya 4-K. Ati hakuna mtu ataleta sungura kama hawa."

Kukhu alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.  Nyaruai alinyosha mkono akamgusa sungura mmoja. Alikuwa laini sana. Pua yake ilikuwa ikichezacheza, na msichana alimtaka kwa moyo wake wote.

"Asante sana, khocha," alisema. Akaurudisha mkono. "Niwekee mpaka hawa bata wakue. Hawa kwanza."

Guka aliinuka ghafla kuliko miguu yake ilivyopenda, akavaa kofia yake akiivuta hadi machoni, akageukia upande wa migomba. Alikaa hivyo kwa muda, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyemfuata. Nyaruai alivuta kigoda akaketi kando ya karai, akawatazama bata wa cucu wakiogelea.